Kabla Hujanunua Land Rover ya Zamani, Lala Chini Yake



Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha. Fupi na ndefu, za turubai na za bati, nyingine zimepigwa rangi juzi, nyingine zina mikwaruzo ya miiba ya miaka 40, zote zikapanga foleni katika lile tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover. Ilikuwa raha kutazama. Ila tangu wakati ule, kila mwenye Land Rover kuukuu nyuma ya nyumba anajiona amelalia hazina. Gari ambalo kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva, leo dalali anakupigia simu: "Bosi, hii ni klasiki, hazitengenezwi tena."

Na hapo hasemi uongo. Land Rover ya mwisho ya ukoo wa magari haya ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Lakini kuacha kutengenezwa hakujawahi kugeuza chuma kilichooza kikawa kizima. Kwa hiyo jioni ya leo nazungumza na wewe unayetaka kununua, uliyekwisha kupenda, na ambaye labda umeshatoa hata advansi kidogo ili gari lisichukuliwe na mwingine. Nazungumzia hasa zile za mwanzo, zinazoitwa Series, maana ndizo bado unazikuta zimeegeshwa kwenye misheni, mashambani na nyuma ya gereji za mikoani.

Kabla ya yote, jiulize unanunua ya nini, kwa sababu gari lilelile lina bei mbili. Kuna mtu anataka Land Rover ya kupanda nayo shambani, kubeba mahindi na kuvuka korongo wakati wa masika. Huyu, ukimwambia injini ya petroli iliyotoka nayo kiwandani imetolewa na kuwekwa ya dizeli ya Isuzu au Toyota, anafurahi. Mwingine anataka gari kama lilivyozaliwa, aliweke, alitunze, alipeleke kwenye maonyesho. Huyu akisikia habari ya Isuzu anafunga mkoba wake. Wote wawili wana haki. Anayepotea ni wa tatu, yule anayelipa bei ya gari la maonyesho na kuondoka na gari la mahindi.

Sasa tulitambue gari lenyewe. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ikaja 1958, IIA mwaka 1961, na III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Wengi wanazitambua kwa sura. Taa kubwa zikiwa zimebanana katikati, kila moja upande wake wa ule wavu wa chuma, hiyo ni ya zamani kidogo, maana kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 taa zilianza kuhamia kwenye madigadi. Grili ikiwa ya plastiki na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, hiyo ni III. Saa zikiwa katikati ya dashibodi, ni ndugu zake wakubwa.

Haya yote ni kweli, na yote yanaweza kukudanganya. Vipuri vya magari haya vinaingiliana mno. Fundi mwenye spana na mchana mmoja anaweza kuivalisha IIA grili ya III, au kuipa III uso wa zamani ili ipendeze machoni pa mnunuzi. Kwa hiyo usisome uso, soma namba. Namba ya chesisi ya Series II, IIA na III imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale chesisi inaposhika springi ya mbele. Ukienda kuangalia gari chukua brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki. Kwangua tope, futa, halafu pitisha chaki ubavuni juu ya chuma. Tarakimu zinajitokeza moja baada ya nyingine. Namba nyingi za IIA huanza na 2, na nyingi za III huanza na 9. Tarakimu za mwanzo zinaeleza hata kama gari lilizaliwa fupi au refu, la petroli au la dizeli. Ukikuta pale pamekwanguliwa kwa jiwe la kusagia mpaka pamekuwa laini, au tarakimu moja imesimama wima na jirani yake imelala, usijadili bei kwanza. Uliza.

Tuje sasa kwenye moyo wa jambo lenyewe. Uingereza ilipotoka kwenye Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo, lakini aluminiamu ilikuwepo. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Haishiki kutu, unaweza kuiacha kwenye mvua miaka 20 na bado inang'aa ukiipiga sabuni. Chini yake, hata hivyo, kuna chesisi, na chesisi ni chuma. Haikuwa hata boriti moja iliyokunjwa kiwandani kwa mashine kubwa. Bapa nne za chuma ziliunganishwa kwa kuchomelewa, zikawa sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji vikiingia humo havina haraka ya kutoka. Kutu inaanzia ndani, inakula kuelekea nje, na siku unapoiona kwa macho ujue imemaliza kazi zamani.

Ndiyo maana Land Rover ni gari gumu sana kulihukumu kwa kulitazama ukiwa umesimama. Volkswagen kobe au Pijo 404 ikioza itakwambia yenyewe, utaona milango inamomonyoka na matundu kwenye madigadi. Land Rover itakufichia mpaka siku springi ya nyuma inapopenya kwenye chesisi katikati ya safari.

Fundi mmoja ninayemfahamu, mzee aliyezeekea chini ya magari haya, aliletewa Land Rover ndefu, 109, ya kijani na kijana aliyeruhusiwa na muuzaji kwenda kuikagua. Gari linapendeza, rangi mbichi, matairi mapya. Kijana mfukoni ana sumaku ameifunga kitambaa, maana amesikia kuwa mahali palipojazwa puti sumaku haishiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sumaku ya nini?"

"Ya kupimia puti, mzee."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Bodi hii aluminiamu tupu. Sumaku haitashika popote, hata pale pazima. Utasema gari lote puti?" Akamnyang'anya sumaku, akamwonyesha mahali inapofanya kazi: fremu za milango, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Pembe za chini za ukuta ule, dereva anapoweka visigino, ni mahali pa kwanza kuoza baada ya chesisi, na ni kazi ngumu kutengeneza kwa sababu milango, dashibodi na kioo cha mbele vyote vinautegemea. Sumaku ilishika juu. Chini haikushika.

Kisha akampa nyundo ndogo na bisibisi, akatandika boksi la karatasi chini, akamwambia alale. "Gonga taratibu, halafu sikiliza."

Kijana akaanza mbele, akarudi nyuma. Chuma kizima kinaitika: ngi, ngi, ngi. Akafika kwenye boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia trela, sauti ikabadilika: dubu. Akagonga tena. Dubu. Palikuwa pamepakwa lami nyeusi, nene, laini, ya juzi. Mzee akasema, "Choma na bisibisi." Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Likabanduka pande la lami, na chini yake bapa jembamba lililochomelewa kwa pointi chache, si kwa kuzungusha, na nyuma ya bapa hilo unga mwekundu ukamwagikia kifuani mwa kijana. Wakaenda kwenye mikono ile inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi. Miwili mizima, mmoja umefungwa waya.

Lami ya chini, msikilizaji, siyo kosa yenyewe. Mtu makini anapaka ili kuzuia maji. Lakini lami mbichi kwenye gari linalouzwa wiki hii ina sababu. Na gari lililoishi pwani, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, ligonge mara mbili zaidi ya lile la Dodoma, maana upepo wa chumvi haupigi hodi.

Mtu ataniuliza, mbona unang'ang'ania chesisi na injini umeiacha? Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilipotaka kuamua kama gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa bado ni lilelile, ilihesabu alama. Chesisi ilipewa 5. Mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2. Injini ilipewa 1. Gari likikosa alama 8 lilipoteza namba yake. Nadhani walikuwa na haki. Injini inanyanyuliwa kwa mnyororo asubuhi na nyingine inakaa jioni. Chesisi ukiibadilisha umejenga gari upya.

Hata hivyo injini ina yake ya kuisikiliza. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti, na ukikuta joto ujue kuna jambo la asubuhi hakutaka ulione. Iwashwe ikiwa baridi mbele yako. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua moshi kwa mapigo, ringi zimechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Petroli ya silinda 4 ya lita 2.25 ni injini mvumilivu, inaweza kutembea ikiwa mgonjwa miaka mingi, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Ila inakunywa. Kilomita 5 au 6 kwa lita si ajabu, na hiyo ni barabara nzuri.

Ukiwa bado chini, tazama nyuma ya magurudumu ya mbele. Kuna tufe la chuma linalotakiwa kung'aa. Likiwa na vidonda vya kutu litakata sili, na oili itakuwa inamwagika kila wiki. Kuvuja kidogo kwa gari hili ni kawaida, usiogope tone. Ogopa zaidi ukikuta uchafu umetapakaa kote, ila chini ya giaboksi peke yake pameoshwa kwa mafuta ya taa.

Barabarani usiridhike na kuzunguka mtaa. Tafuta mteremko, weka gia namba tatu, achia mafuta. Gia ikiruka yenyewe kurudi huru, giaboksi inadai pesa. Kwenye II na IIA, gia namba moja na mbili hazina kitu cha kuzisaidia kuingia, lazima ukanyage klachi mara mbili ukiteremsha, kwa hiyo usilaumu gari kwa kelele ulizosababisha mwenyewe. Kisha nenda kwenye vumbi ujaribu magurudumu manne. Kuna kirungu cha njano na kirungu chekundu. Ukikandamiza cha njano, ya mbele yanaungana na ya nyuma kwenye gia za mbio. Ukivuta chekundu nyuma, unaingia gia za nguvu na cha njano kinaruka juu chenyewe. Vikigoma au cha njano kisiporuka, muulize muuzaji mara ya mwisho alivitumia lini. Wengi hawajui hata vinafanya nini, wamevitundikia tasbihi.

Tuje kwenye bei. Kosa ninalolisikia sana kwa wauzaji ni kuchukua bei waliyoiona imetangazwa London, kuigeuza shilingi na kuibandika kwenye gari la Karatu. Gari lile la London lina faili lenye risiti za miaka mingi, injini yenye namba inayolingana na kumbukumbu za kiwanda, na pengine chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, maana kule kuna viwanda vinavyozitengeneza mpaka leo. Bei yake inalipia hivyo vyote. La Karatu likiwa na hivyo, lipewe bei hiyo. Lisipokuwa navyo, tuanze hesabu chini.

Na hesabu yenyewe ndiyo aliyoifanya yule mzee kwa kijana. Alichana kipande cha boksi lilelile, akaandika juu bei ambayo 109 nzima, inayotembea, yenye karatasi, ingeuzwa hapo mjini. Si bei ya ndoto, bei aliyoshuhudia watu wakilipana. Chini yake akatoa boriti ya nyuma, akatoa mkono mmoja wa chesisi, akatoa pembe mbili za ukuta wa mbele pamoja na siku za kuchomoa dashibodi na kuirudisha. Kisha akatoa kitu ambacho wanunuzi wengi hawakifikirii: miezi ambayo gari litakuwa juu ya mawe huku pesa imeshatoka. Kilichobaki kilikuwa chini ya nusu ya bei ya muuzaji. Rangi mpya hakuihesabu kabisa. "Rangi ni furaha ya muuzaji," alisema, "alipie mwenyewe."

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo mzee hakulitilia maanani. Gari lisilopakwa rangi, bovu lakini lenye kila kitu chake, kioo chake, taa zake, viti vyake, hata ribiti zake za kiwandani, kwangu lina thamani kuliko lililopendezeshwa kwa vitu vya kuokoteza. Kutu inaonekana, unaipangia bajeti. Kipuri cha mwaka 1964 kilichotupwa jalalani utakitafuta mpaka uzeeke. Mafundi wengi hawakubaliani nami hapa, wanasema gari bovu ni gari bovu. Lakini wao wanataka litoke gerejini, mimi nazungumza na anayetaka kukaa nalo.

Nimebakiza karatasi, na hapa naomba usikimbilie kuzima redio, maana magari yanayooza mahakamani ni mengi kuliko yanayooza kwa kutu. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ile uliyoisoma kwa chaki ilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Injini kama ilibadilishwa, mabadiliko yawe yameingizwa kwenye usajili, la sivyo gari ulilonunua kwenye karatasi ni tofauti na ulilonalo mkononi. Land Rover nyingi zilikuwa za serikali, za mashirika ya umma au za miradi ya wafadhili kabla ya kuuzwa kwenye mnada. Kama hilo lako lilikuwa na namba za STK, SU au DFP, taka hati ya mnada, na jina kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia au uwe na mnyororo wa mauziano unaofika kwake bila kukatika.

Zaidi ya hayo, uliza gari lilikuwa la nani. Gari la miaka 50 mara nyingi halikununuliwa na huyu anayelinadi. Lilikuwa la marehemu baba. Kadi inasoma jina la marehemu, na anayekwambia "ni letu la nyumbani" ni mtoto mmoja kati ya saba. Mwambie kwa upole akuletee barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Akisema ndugu wote wamekubaliana, mshukuru, na bado uitake barua hiyo. Mkaandikiane mbele ya wakili, pesa zipite benki, na jina libadilishwe Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla hujanunua hata galoni moja ya rangi. Nimeona Land Rover iliyotengenezwa vizuri, chesisi imechomelewa kwa ustadi, viti vimeshonwa upya, imelala kwenye uwanja wa kituo cha polisi tangu dada mkubwa wa muuzaji aliposhuka kwenye basi la Mwanza, akiwa na kadi orijino kwenye mkoba.